Mitambo ya upepo Singida: tudai nini kabla ya kutia saini?

Swali: Ndugu wanajukwaa, mwekezaji anataka kusimika mitambo ya umeme wa upepo kwenye mashamba yetu huku Singida. Tudai nini?

Jibu: Ndugu yangu, anzeni na ardhi. Kule Marsabit, Kenya, mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310 ilikwisha kusimama, lakini mwaka 2021 mahakama ikaamua kwamba hati za ardhi zilipatikana kinyume cha sheria.

Jibu: Naunga mkono, na mkumbuke Kinangop, hukohuko Kenya, ambako mradi wa megawati 60 ulifutwa mwaka 2016 baada ya wakulima kuupinga. Ulizeni umbali kati ya mtambo na nyumba.

Muulizaji: Ahsanteni. Alizeti tutaendelea kulima?

Jibu: Kwa kawaida inawezekana, kwa kuwa misingi na barabara huchukua sehemu ndogo tu, lakini mkataba utamke waziwazi kwamba mtaendelea kulima.