204 kwa 115: gumzo la familia moja ya Kenya, Alhamisi 20 Juni 2024

Faiza 19:52
Asalam aleikum jamaa. Bunge limemaliza kupiga kura ya Mswada wa Fedha, ule wa kodi za mwaka. Waliounga mkono 204, waliopinga 115. Unarudi tena wiki ijayo kwa hatua ya mwisho.

Mjomba Hamisi 19:54
Waaleikum salam. Basi yamekwisha. Wengi wape.

Mjomba Hamisi 19:55
Bakari yuko wapi? Mamake anasema simu haishiki tangu adhuhuri.

Bakari 20:11
Shikamoo Mjomba. Niko salama, nimefika nyumbani sasa hivi. Simu ilizima chaji. Macho yanawasha kwa vitoa machozi vya kwenye maandamano, nimeyaosha kwa maji tu. Mwambieni Mama asiwe na wasiwasi.

Mama 20:12
Alhamdulillahi. Nimesoma mwenyewe. Kula kwanza.

Mjomba Hamisi 20:16
Marahaba. Sasa nijibu, mwanangu, maana sielewi. Mwaka 2022 tulipanga foleni, tukapiga kura ya Rais. Upande wenu ulishindwa, mkaenda Mahakama ya Juu, nayo ikathibitisha matokeo. Leo wabunge wamepiga kura yao, mmeshindwa tena. Nchi inadaiwa zaidi ya shilingi trilioni 10, italipwa na nani? Kila anayeshindwa akiingia barabarani, kura ina maana gani?

Bakari 20:21
Mjomba, ile kura ilikuwa asilimia 50.49 kwa 48.85. Karibu nusu ya waliopiga kura wakae kimya mpaka 2027? Mimi sidai serikali ing'oke. Nadai isikie kabla haijachukua. Mtoza ushuru hakuulizi ulimpigia nani. Anakata kwa wote.

Faiza 20:24
Na uchaguzi ni kila miaka mitano, lakini Mswada wa Fedha huja kila mwaka. Aliyeshindwa 2022 ataandikiwa kodi mara tano kabla hajashika tena karatasi ya kura. Hapo katikati sauti yake aiweke wapi?

Mjomba Hamisi 20:26
Aiweke kwa mbunge wake. Ndiyo kazi ya mbunge.

Faiza 20:29
Na mbunge wake ni mmoja wa wale 115, je? Ameshasema, ameshashindwa.

Tazama mshahara wangu. Kila mwezi nakatwa 1.5 kwa mia ya nyumba za bei nafuu. Novemba mwaka jana Mahakama Kuu ilisema tozo ile, jinsi ilivyotungwa, haiendani na Katiba. Waliofungua kesi hawakuwa na wabunge wengi nyuma yao. Walikuwa raia wachache. Bunge likalazimika kuandika sheria mpya, ikatiwa sahihi Machi, na makato yakarudi. Bado nakatwa, lakini angalau ilibidi warudi kuandika upya mbele ya watu.

Mama Mdogo Zuhura 20:33
Niwaambieni la jikoni. Mswada ulipotoka ulikuwa na ushuru wa 25 kwa mia kwenye mafuta ya kupikia. Mimi viazi karai navikaanga kila jioni, dumu la lita ishirini halimalizi wiki. Nilikaa nikapiga hesabu: nikipandisha kiazi, watoto wa madrasa hawanunui. Nisipopandisha, nakaanga kwa hasara. Nilikuwa nishaanza kuwaza kufunga meza.

Jumanne asubuhi wakatangaza wameuondoa, pamoja na ile VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya 16 kwa mia kwenye mkate na ile kodi ya magari ya 2.5 kwa mia. Na Jumanne ndiyo siku vijana waliyokuwa wametangaza kuingia barabarani. Mimi naona mambo haya yanahusiana.

Mjomba Hamisi 20:36
Ehe! Kumbe wamesikia. Basi leo mlikuwa mnatafuta nini?

Bakari 20:41
Kilichobaki, Mjomba. Na matumizi. Wiki iliyopita bajeti imesomwa, kuna fungu la ofisi ya mke wa Rais na la mke wa Naibu wake, huku walimu wa JSS, sekondari ya msingi, wanalilia ajira ya kudumu. Hiyo ndiyo inayouma kuliko kodi yenyewe.

Halafu wewe ndiwe uliyetusomesha habari za Harry Thuku. Watu wa Nairobi mwaka 1922, kodi ya kibanda imepanda, mishahara imekatwa, kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, shingoni, na Thuku aliyeyapinga hayo amekamatwa. Walipokwenda kudai aachiliwe, walipigwa risasi nje ya kituo cha polisi. Darasani hukuwaita wakorofi.

Mjomba Hamisi 20:47
Sikuwaita, na sitawaita. Lakini usinichanganyie. Wale hawakuwa na kura hata moja. Mkoloni aliwatoza bila kuwauliza. Nyinyi kura mnayo. Tofauti hiyo ni kubwa.

Bakari 20:50
Ni kubwa, nakubali. Lakini Kifungu cha 37 cha Katiba hakisemi "aliyeshinda uchaguzi". Kinasema kila mtu ana haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa mamlaka, kwa amani na bila silaha. Kila mtu, Mjomba. Aliyeshinda ana haja gani na haki hiyo? Tayari anasikizwa.

Mjomba Hamisi 20:53
Mlipata ruhusa ya polisi?

Faiza 20:55
Sheria haitaki ruhusa, inataka taarifa. Unapeleka kituoni si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku kumi na nne kabla. Watu wengi hawalijui hili, na polisi hawana haraka ya kuwaambia.

Mama 22:08
Bakari. Habari zinasema kuna kijana amepigwa risasi hapo mjini. Amefariki.

Bakari 22:10
Ni kweli Mama. Nami nimezisoma.

Mama 22:11
Jumanne ijayo hutoki kuandamana.

Bakari 22:15
Mama, naomba tuzungumze kwa simu, si hapa.

Mjomba Hamisi 22:24
Innalillahi wa inna ilayhi rajiun.

Jamani, mimi nilichagua serikali hii na bado nasema nchi lazima ikusanye kodi na ilipe madeni. Sijabadilika. Lakini risasi kwa mtoto asiye na silaha, hiyo haikuwamo katika kura yangu. Na hilo fungu la ofisi za wake wa wakubwa, hapo Bakari niko nawe.

Faiza 22:31
Mjomba, Kifungu cha 119 kinamruhusu mtu yeyote kupeleka ombi Bungeni. Hata aliyepigia kura serikali.

Bakari, wewe soma hii: ukikamatwa, unatakiwa ufikishwe kortini ndani ya saa 24, na una haki ya kuzungumza na wakili. Chama cha Mawakili kinatoa mawakili bila malipo. Namba andika mkononi kwa kalamu, simu hunyang'anywa.

Mjomba Hamisi 22:34
Faiza, kesho baada ya swala ya Ijumaa pitia kwangu na tarakilishi yako. Tuandike hilo ombi, la matumizi tu. La kodi sitii sahihi.

Mama Mdogo Zuhura 22:36
Mimi natia yote mawili. Na wenzangu wa mezani hapa mtaani nitawapitia kabla ya adhuhuri.