Wiki nzima kwenye boti ya kupiga mbizi, usiku hakuna hata baharia mmoja aliyekuwa macho!

Wakuu, naomba mnisome mpaka mwisho. Nimerudi juzi kutoka safari ya siku 7 ya kupiga mbizi, ile ya kulala humohumo botini, na mpaka sasa nashtuka usiku wa manane naona kama nanusa moshi. Boti na kampuni siwataji kwa sababu malalamiko yangu bado yako mezani kwao. Lakini nitaeleza yote yaliyotokea, maana nina hasira na sitaki kunyamaza.

Jambo lenyewe ni hili. Tulikuwa wageni 18, wengi wetu tumelazwa tumboni mwa boti, chini ya sebule. Tangu usiku wa kwanza hadi wa mwisho hakuna mtu aliyepangiwa zamu ya kukesha. Nahodha amelala, fundi wa injini amelala, mabaharia wamelala, na juu ya vichwa vyetu betri zinachajiwa mpaka asubuhi bila mwangalizi.

Kwa ambao hawajawahi kusafiri hivi: boti inakuwa ndiyo nyumba yenu kwa wiki. Mnaamka, mnapiga mbizi, mnapumzika, mnarudi majini, mara tatu au nne kwa siku. Inawafikisha kwenye miamba ya mbali ambayo boti za kwenda na kurudi siku hiyohiyo haziwezi kuifikia. Nilijibana miaka miwili kwa ajili ya safari hii. Na bahari yenyewe haikuniangusha, naomba niliseme hilo kwa haki. Alfajiri ya siku ya pili tulishuka ukutani mwa mwamba, tukaona kundi la papa wenye vichwa vya nyundo wakipita chini yetu taratibu, nikalia ndani ya miwani. Sasa fikiria kitu kizuri namna ile kinakabidhiwa watu wasiojali roho za wenzao.

Ule umbali unaotupeleka kwenye uzuri ndio huohuo unaotuweka mbali na hospitali, mbali na chumba cha mgandamizo cha kutibia mpiga mbizi aliyeingiwa na mapovu ya naitrojeni, mbali na boti nyingine ya kutuokoa. Kwenye safari kama hii usalama ni sehemu ya bidhaa niliyoinunua, sawasawa na kitanda na mitungi ya hewa.

Jioni ya kwanza tulipewa maelezo. Tukaambiwa viatu viwekwe wapi, choo kinavutwaje, ratiba ya mbizi ikoje. Kuhusu kutoroka moto ukiwaka, kiongozi wa mbizi alinyoosha kidole: "Mlango wa dharura uko kule mbele." Basi. Hakuna aliyetupeleka tukauone, hakuna aliyeufungua. Nikauliza mazoezi ya kuvaa majaketi ya kuokolea yatafanyika lini, nikajibiwa kesho. Hiyo kesho haikufika wiki nzima.

Siku ya pili ikaja habari ya naitroksi. Kwa wasiojua, hii ni hewa iliyoongezwa oksijeni, kwa kawaida asilimia 32 badala ya 21, ili mwili ubebe naitrojeni kidogo. Faida ipo, ila ina kikomo cha kina. Kwa 32 mwisho wako ni mita 33 au 34. Mchanganyiko ukiwa 36 kikomo kinapungua mpaka mita 29 hivi. Ukivuka, oksijeni yenyewe inageuka sumu: mtu anaweza kushikwa na degedege bila dalili yoyote, regyuleta (kifaa cha kupumulia) ikamtoka mdomoni, akafa maji. Ndiyo maana kila mpiga mbizi aliyesomea naitroksi anafundishwa kupima mtungi wake kwa mkono wake na kuandika alichokisoma, kila mtungi, kila mara. Pale botini kipimo kilikuwa kimekufa. Kihisi kimeisha nguvu, cha akiba hakuna. Mitungi yote ilibandikwa karatasi "32", tukaambiwa tuamini. Nikarudi kwenye hewa ya kawaida wiki nzima, ingawa naitroksi nilikuwa nimeilipia.

Siku ya tatu wakatusahau kwenye mkondo wa bahari. Tulishuka sita, mkondo ukatubeba, tukaibuka kama tulivyoelekezwa, tumesimamisha maboya yetu ya rangi ya machungwa. Boti ndogo ya mpira inapaswa kuwafuata watu kwa kuangalia mapovu na maboya. Zilikuwepo mbili, moja injini imekufa tangu kabla hatujang'oa nanga, na ile nzima ilikuwa imekwenda kuchukua kundi jingine. Tulielea dakika 50. Mwenzetu mmoja alianza kutetemeka kwa baridi, tukamweka katikati. Tulipopandishwa, hakuna aliyekuwa na orodha ya majina wala kalamu. Hawakutuhesabu! Nikauliza mngejuaje kama tumepungua, nikaambiwa "tungeona tu".

Mwaka 1998 wapiga mbizi wawili Wamarekani waliachwa kwenye Great Barrier Reef kule Australia na boti iliyoondoka bila kuhesabu watu vizuri. Iligundulika siku mbili baadaye, mizigo yao ilipoonekana bado iko ndani ya boti. Hawakupatikana tena. Kila mwenye boti ya kupiga mbizi duniani anaijua habari hiyo, halafu mtu anathubutu kuniambia tungeona tu.

Sasa niingie kwenye usiku huohuo wa tatu.

Niliamka saa 8 kasoro, koo limekauka. Nikapanda sebuleni kutafuta maji. Kwenye kochi, narudia, juu ya kochi la sponji, kulikuwa na waya mmoja wa upanuzi umechomekwa chaja tisa: za tochi za mbizi, za kamera, za simu. Nikaigusa betri moja ya tochi kubwa. Ilikuwa ya moto kiasi kwamba niliondoa mkono. Nikaichomoa. Nikatafuta mtu wa kumwambia, sikumwona. Nikapanda kwenye chumba cha usukani: giza, kiti kitupu, redio inakwaruza peke yake. Nikazunguka staha yote kwa tochi ya simu, mbele, nyuma, juu, nikashuka mpaka karibu na chumba cha injini ambako jenereta lilikuwa linanguruma. Boti nzima, watu zaidi ya 20, na mimi mgeni ndiye pekee niliyekuwa macho.

Nikakumbuka ule mlango wa dharura. Nikaenda kuutafuta. Uko darini mwa kabini ya mbele kabisa, juu ya kitanda cha mtu. Mwenye kitanda akaamka, nikamweleza kwa kunong'ona, tukasukuma wote wawili. Haukusogea. Tukapanda juu kuangalia kuna nini: kifuniko kimerundikiwa makreti ya vyuma vya uzito na rundo la kamba nene. Kwa hiyo moto ungewaka sebuleni, ngazi ya kawaida ingetupeleka motoni, na njia ya pili imekandamizwa na vyuma.

Nilimwamsha kiongozi wa mbizi. Akafungua jicho moja, akasema, "Lala kaka, boti hii haijawahi kuungua."

Wakuu, naomba niwakumbushe Conception. Ilikuwa boti ya safari za mbizi, imetia nanga karibu na kisiwa cha Santa Cruz, California, usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2019. Kibali chake kiliitaka iwe na mtu wa doria usiku. Hakuwepo. Moto ukaanza sehemu ya sebule, ukagunduliwa muda mfupi baada ya saa 9 usiku, umeshashika. Abiria walikuwa wamelala chini. Njia za kutokea zilikuwa mbili, zote zikifunguka kwenye sebule ileile iliyokuwa inawaka. Walikufa watu 34: abiria wote 33 na baharia mmoja aliyelala nao chini. Mabaharia watano waliolala juu waliruka majini wakapona. Wachunguzi hawakuweza kusema kwa uhakika moto ulianzia kwenye nini, lakini kukosekana kwa doria walikutaja waziwazi. Nahodha alikutwa na hatia, na mwaka 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka 4.

Sebule juu, vitanda chini, chaja sebuleni, hakuna mkeshaji. Someni tena nilichokiona, mseme tofauti iko wapi. Watu 34 walishakufa ili sisi tujue!

Nilikaa macho mpaka kulipokucha. Asubuhi nikamwendea nahodha kwa heshima zote, nikamwita mzee, nikaomba tuzungumze pembeni. Nikaomba mambo matatu tu: mtu akeshe, chaja zizimwe usiku, kifuniko kisafishwe. Kifuniko kilisafishwa, nakiri. Kuhusu chaja alisema wageni watalalamika kamera zao hazijajaa. Kuhusu mkeshaji alisema vijana wake wanafanya kazi mchana kutwa, hawezi kuwanyima usingizi. Kisha akaniambia niache kuwatisha wageni.

Vijana wale kweli wanachoka, sina ugomvi nao. Wanabeba mitungi tangu alfajiri mpaka mbizi ya usiku. Kosa ni la aliyewaajiri wachache kuliko kazi iliyopo, kisha akaingiza pengo lile kwenye faida yake.

Basi wageni wanne tukapanga zamu wenyewe. Saa mbili mbili, kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, tochi mkononi, kuzunguka kila dakika 20. Likizo ya watu waliolipa! Kwa sababu ya usingizi mchache nikaacha mbizi za alfajiri, maana kushuka mita 30 ukiwa hujalala ni kujitafutia balaa. Nilipanga mbizi 22, nikapata 13. Dada mmoja kwenye zamu yetu aliacha mbizi zake zote za siku ya tano akalala mchana ili aweze kukesha. Yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa boti ile, si mwajiriwa yeyote.

Siku ya mwisho wakaongeza mbizi ya alasiri "ya zawadi", tukatoka majini saa 9. Wageni wawili walikuwa na ndege saa 11 alfajiri, yaani saa 14 baadaye. Ushauri wa DAN, mtandao unaoshughulikia usalama wa wapiga mbizi, baada ya mbizi za siku mfululizo ni kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Kampuni ndiyo iliyowapokea uwanjani, saa zao za ndege ilikuwa nazo kwenye karatasi. Tuliwazuia sisi wenzao, wakalia kwa kukosa mbizi ya mwisho, lakini wakatusikiliza.

Nimewaandikia kampuni barua pepe tatu. Ya kwanza kimya. Ya pili wakanijibu kwamba wanasikitika safari "haikukidhi matarajio yangu" na wananipa punguzo nikisafiri nao tena. Nisafiri nao tena! Katika ya tatu niliomba kitu kimoja: nakala ya daftari la zamu za usiku kwa usiku zote 7. Wakasema hizo ni nyaraka za ndani.

NYONGEZA: Naona wengi mnauliza mtu afanye nini kabla ya kulipa. Uliza kwa maandishi: nani anakesha, kwa saa ngapi, na anaandika wapi? Betri zinachajiwa wapi? Njia ya pili ya kutoka kwenye kabini yangu inafunguka wapi, na je, ni mahali tofauti na ile ya kwanza? Ukifika, kabla nanga haijang'olewa, panda juu ya kitanda ufungue mwenyewe kile kifuniko kwa mikono yako. Kisipofunguka, shuka na begi lako boti ikiwa bado bandarini, hata kama pesa haitarudi.

Na kwa mdau aliyeandika kwamba naogopa sana na boti hazizami kila siku: Novemba 2024 boti ya safari za mbizi iitwayo Sea Story ilizama Bahari ya Shamu, na kuna watu waliotolewa hai siku iliyofuata kutoka ndani ya boti iliyopinduka. Wenzao wengine hawakutoka. Ukitaka kuniita mwoga niite, ila usiwaambie watu walale.

Jana sisi wanne tumesaini barua moja kwenda kwa mamlaka ya bahari ya nchi ambako boti imesajiliwa. Tumeambatanisha picha za kochi lenye chaja, za makreti juu ya kifuniko, na karatasi yetu ya zamu yenye saa na saini za wageni. Wakijibu, nitaleta majibu hapahapa.