Bango la waliofika mbali limetundikwa, mfuko wa ada bado mtupu

KatibuMchovu:
Wakuu, habari za siku. Naomba ushauri, na naomba msinicheke.

Mimi ni katibu wa umoja wa tuliosoma sekondari moja. Miaka miwili iliyopita tulianzisha mfuko wa kuwalipia ada watoto wanaofanya vizuri darasani lakini nyumbani hakuna kitu. Mwenyekiti akaja na wazo: tuwatangaze wenzetu waliofika mbali, watu wakiona matunda ya shule watatoa. Tukatengeneza bango kubwa. Jaji, daktari bingwa wa moyo, rubani, na mama mmoja anayeongoza benki. Picha safi, suti na tabasamu, chini namba ya akaunti.

Kundi letu lina watu 312. Mwaka wa kwanza walichangia 41. Mwaka wa pili 19, na saba kati yao ni sisi wanakamati. Wale wanne wa kwenye bango, ametoa mmoja, mara moja. Rubani hata ujumbe hajafungua. Ahadi ndiyo usiseme: kwenye hafla watu waliahidi mpaka mshereheshaji akaishiwa karatasi, kesho yake simu hazipokelewi.

Tumeshawaambia wanafunzi sita kwamba tutawalipia. Muhula ujao naona fedha za wanne. Nikiwaza nimwambie nani kati ya wale sita, usingizi unakata. Tunakosea wapi? Au ni watu wa shule yetu tu ndio wagumu?

MuuzaVipuri:
Si wagumu. Mimi nikiona jaji na bingwa wa moyo kwenye bango najisemea hao wanatosha, vijisenti vyangu vya nini? Nauza vipuri vya baiskeli. Sijawahi kuona shule inayobandika picha ya muuza vipuri.

MwekaHazinaMstaafu:
Katibu, nimeshika vitabu vya mfuko kama wenu miaka tisa, kwa hiyo univumilie nikiwa mkali kidogo.

Huyo wa vipuri amekupa jibu, mimi naongezea tu. Bango la vigogo linamfurahisha mwalimu mkuu. Mchangiaji wa kawaida akilitazama anasoma kwamba yeye hakufika popote. (Na tuseme ukweli, yule jaji huenda angekuwa jaji hata angesoma kwingine. Shule zina tabia ya kujipa sifa za watu.)

Kulikuwa na bibi mmoja, Oseola McCarty, dobi wa Hattiesburg, Mississippi, kule Marekani. Aliacha shule darasa la sita amuuguze shangazi yake, akafua na kupiga pasi nguo za watu karibu maisha yake yote. Mwaka 1995, akiwa na miaka 87, ikatangazwa kwamba ameacha dola 150,000 za akiba yake ziwe za ufadhili katika Chuo Kikuu cha Southern Mississippi. Hakusoma pale hata siku moja. Fedha zilikuwa zitoke baada ya kufa kwake, lakini watu wa mji wake wakaona haya, wakatia za kwao, na mwanafunzi wa kwanza akaanza masomo bibi akiwa hai. Dobi ndiye aliyewavuta wenye biashara. Hebu lipime hilo na bango lenu.

Sasa usinielewe kwamba wakubwa hawana kazi. Mwaka 1959 Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi wa Kenya, alipokuwa akihangaika kutafuta fedha za kuwapeleka vijana wa Kenya kwenye vyuo vya Marekani, barua ya kuomba michango ilitiwa saini na watu maarufu wa Marekani: mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Umeona tofauti? Wale hawakuwekwa ukutani watazamwe. Walipewa kalamu waombe. Septemba mwaka huohuo wanafunzi 81 wakapanda ndege. Mwaka uliofuata, katika safari hizohizo, akaenda Wangari Maathai. Tuzo ya Nobel aliipata 2004. Aliyetoa fedha 1959 hakuwa na picha ya mshindi wa Nobel ya kumtia moyo, alikuwa na barua kutoka kwa mtu anayemjua.

Kwa hiyo rubani mwombe jina lake na saa moja ya muda wake, hela baadaye. Awaandikie waliokaa naye darasani, kwa majina yao ya utani kama yapo. Watu 312 ni umati, na kwenye umati kila mmoja anamtegea mwenzake. Wagawe kwa mwaka waliomaliza, kila mwaka uwe na mtu wake wa kufuatilia, kiasi kidogo kila mwezi. Hafla zinaleta ahadi. Kilichotulisha sisi ni ule mchango mdogo unaokatwa wenyewe, mtoaji akiwa amesahau.

La pili linaniuma kulisema. Mwaka wetu wa tatu nilihesabu ahadi kama fedha, tukachukua wanafunzi watano. Katikati ya mwaka hazina ikakauka, ikabidi nimfuate mama wa binti mmoja nimweleze. Hakunigombeza. Alisema, "Asante kwa kuja mwenyewe." Bora angenigombeza. Kuanzia hapo hatukumpokea mtoto mpaka ada yake ya miaka yote hadi anamaliza iwe imeshaingia benki. Tukashuka kutoka watano hadi wawili, kamati ikanuna, lakini sikuwahi kubisha hodi nyumba nyingine kwa shughuli ile.

Atatokea mjuzi awashauri muweke mtaji usioguswa, mlipie ada kwa faida yake. Vyuo vikubwa hufanya hivyo, na ni jambo zuri. Ila piga hesabu: ukitoa asilimia 4 kwa mwaka, ada ya mtoto mmoja inahitaji mtaji wa mara 25 ya ada hiyo. Ninyi mna watu 19. Acheni kwanza.

NililipiwaAda:
Nasema kama niliyekuwa upande wa pili. Nililipiwa miaka minne. Kila mwaka, siku ya wachangiaji, nilipandishwa jukwaani nieleze jinsi tulivyo maskini, wenzangu wa darasa wamekaa mbele wananitazama. Nimemaliza, nina kazi nzuri, na mialiko ya umoja wao naifuta bila kuisoma. Halafu wanauliza kwa nini waliosaidiwa hawarudi kusaidia.

Katika miaka hiyo yote mchangiaji mmoja tu aliniuliza napenda somo gani. Hisabati, kwa taarifa yenu. Huyo hadi leo nampigia simu.

MuuzaVipuri:
Katibu, hapo umepata dawa. Mimi ningependa kujua mtoto amefika wapi kwenye hisabati. Hali ya nyumba yao hainihusu.

KatibuMchovu:
Narudi na mrejesho, wiki mbili zimepita.

Bango limetoka. Mwenyekiti hajanisemesha siku nne, ila atapoa. Wanafunzi wote sita muhula huu wamelipiwa. Wanakamati tumejikamua tukaziba pengo la wale wawili, na hatupokei wa saba mpaka hawa wawe salama hadi mwisho. Ile siku ya kuwapandisha jukwaani tulikuwa tumeshaipanga, nakiri. Tumeifuta. Nimewaomba waandike mistari michache kuhusu masomo yao, anayetaka. Wameandika watatu, mmoja ameandika kurasa mbili kuhusu vyura.

Jana nikampata rubani. Sikumwomba hela, nilimwomba awaandikie watu wa mwaka wake. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama jamaa fulani aliyekuwa akimwibia madaftari yumo kwenye orodha. Nikamwambia yumo. Akacheka sana, akasema, "Basi naanza na huyo."