Ushauri: Nawezaje kupunguza kwato za punda wangu mwenyewe bila kumuumiza?

Mzee wa Mkokoteni
Wakuu, habari za leo. Nipo Kondoa, nina punda wawili, dume na jike, na ndio wanaonilisha. Tunabeba maji na mchanga. Dume hana shida, kutwa yuko kwenye changarawe na kwato zinajisaga zenyewe. Tatizo ni jike. Alizaa mwaka jana nikampumzisha, akakaa zizini miezi mingi, na zizi lenyewe masika yote halikukauka. Sasa kwato za mbele zimerefuka mpaka ncha zinakunjika kwenda juu. Anatembea kama mtoto aliyevaa viatu vya kaka yake.

Kuna kijana huwa anapita mtaani na kisu, anapunguza kwato kwa malipo. Mwaka juzi alimkata huyuhuyu jike mpaka damu, akaniambia ni kawaida. Siku nne mnyama hakukanyaga vizuri. Simwiti tena, nataka nijifunze mwenyewe. Nitafute vifaa gani? Nikate kiasi gani? Na nitajuaje kwamba hapa ndiyo mwisho? Asiye na cha kuchangia apite kimya kimya. Natanguliza shukrani.

Chapa Kazi
Mkuu, asante ya punda ni mateke. Andika wosia kwanza 😂

Tingatinga_67
Mnajisumbua. Huku Singida unaweka mguu juu ya gogo, unalaza panga kwenye ukwato, mwenzako anagonga kwa nyundo mara moja. Kazi imeisha. Babu alifanya hivyo, baba naye hivyohivyo.

Bint Amu
Tingatinga nduyangu, na wangapi kati yao walichechemea? Panga likigongwa ukwato haukatiki, unapasuka, na ufa unaweza kupanda juu bila wewe kuuona. Halafu ukiwa umelaza mguu kwenye gogo huoni upande wa chini, na huko chini ndiko kwenye habari yote.

Mleta mada, mimi ni wa Lamu, na kwetu punda ndiye lori. Vichochoro vya mji havipitishi gari, saruji na matofali yote yanapita mgongoni mwake. Nimekulia nyumba yenye punda saba, na mengi ninayoyajua niliyapata kwa kusimama pembeni pale hospitali ya punda, ile iliyofunguliwa 1987, nikitazama mikono ya watu.

Vifaa: tupa ya mbao, ile ndefu yenye meno makubwa upande mmoja na madogo upande wa pili. Kisu kifupi chenye ncha iliyopinda. Kijiti kisicho na ncha kali cha kutolea uchafu. Koleo la kukatia kwato ukilipata ni vizuri, lakini kwa anayeanza nakwambia kweli, anza na tupa peke yake. Tupa ni polepole, na upolepole huo ndio utakaomwokoa punda wako na wewe.

Sasa inua mguu, toa udongo wote, piga brashi, tazama. Pembeni utaona ukuta mgumu unaozunguka kama ukingo wa sahani. Ndani yake kuna unyayo, umebonyea kidogo. Katikati kuna pembetatu laini kama mpira. Pale ukuta unapokutana na unyayo kuna mstari mwembamba wa rangi ya manjano iliyopauka. Huo mstari ndio ramani yako. Ukuta uliozidi kimo cha unyayo ndio wa kupunguza. Unyayo wenyewe usiuchonge. Hiyo pembetatu nayo iache, ondoa tu vinyuzi vilivyokwisha kuachia. Kila baada ya kusugua mara chache bonyeza unyayo kwa kidole gumba: ukihisi unabonyea, acha. Ukiona rangi ya waridi, umeshachelewa kuacha.

Kitu ambacho wengi wanakosea ni kumchukulia punda kama farasi mdogo. Ukwato wa punda ni mwembamba na umesimama wima zaidi, kisigino chake kiko juu kwa asili. Usikishushe eti ufanane na picha za farasi ulizoziona kwenye simu.

Na kwa urefu huo uliousema, usitafute kumaliza siku moja. Mishipa ya mguu imeshazoea pembe hiyo mbaya. Punguza kidogo, subiri wiki tatu au nne, rudia. Ukishakaa sawa, utakuwa unamshika kila wiki 6 hadi 10.

Mzee wa Mkokoteni
Ubarikiwe sana dada yangu. Sasa swali la kijinga: nimeshika tupa, mguu anao yeye. Anaupataje kunipa?

Bint Amu
Wiki nzima usiguse tupa. Kila jioni mpapase kuanzia begani ukishuka mpaka kwenye ukwato, umwambie maneno yako, uondoke. Siku atakayoukunja mwenyewe, ushike hesabu ya kumi, umrudishie kabla hajakunyang'anya. Ushike chini, karibu na ardhi, na usiuvute nje pembeni. Punda ni mfupi, ukimvuta nje unamuumiza nyonga na bega, halafu tunasema ana kiburi. Na dume afungwe pale anapomwona. Punda akitengwa na mwenzake hatulii.

Tingatinga_67
Wiki nzima ya kupapasa punda. Haya, tumeishi tumeyaona.

Sindano
Mimi ni afisa mifugo, nimepita tu nikaona niongeze mawili.

La kwanza, kabla ya tupa weka kiganja kwenye ukuta wa ukwato, kwenye miguu yote minne, asubuhi kabla jua halijawa kali. Mmoja au miwili ikiwa ya moto kuliko mingine, au anasimama ameegemea nyuma kama anayeogopa kukanyaga kwa mbele, hiyo si kazi yako, ita daktari wa mifugo. Mleta mada umesema alipumzishwa. Alikuwa anakula nini? Pumba za mahindi kwa wingi bila kazi zinamnenepesha punda na zinaweza kumwashia kwato kwa ndani. Tazama pia mikunjo ya ukuta kwa mbele: ikiwa imebanana kwenye ncha na kutanuka kuelekea kisigino, alishaugua huko nyuma ukadhani ni uchovu tu. Punda anaficha sana maumivu.

La pili ni pepopunda. Jina lenyewe linakwambia. Farasi na punda ni wepesi mno kupata ugonjwa huu, na kidonda cha kwatoni kilichokanyaga samadi ndio mlango wake. Mchanje kwanza. Na kama ikitoka damu, safisha, funga kitambaa safi, mweke pakavu, piga simu.

Mzee wa Mkokoteni
Pumba alikuwa anakula debe zima, sifichi. Nilidhani namtunza mzazi.

Chapa Kazi
Na zizi ukaushe mkuu. Wa kwetu kwato zilioza zikanuka mpaka jirani akalalamika, tukaweka changarawe pale anaposimama kunywa maji, harufu ikaisha.

Mzee wa Mkokoteni
MREJESHO baada ya wiki tatu.

Daktari alikuja, akachanja wote wawili, akasema kwato hazina moto ila mikunjo ipo, pumba marufuku. Zizi nimemwaga kokoto. Kupapasa kulichukua siku kumi na moja, siyo saba.

Jana mvua ilinyesha usiku, asubuhi ukwato ulikuwa umelainika, nikasema leo ndiyo leo. Kwanza nilitoa udongo na kijiwe kilichokuwa kimejibana pembeni ya ile pembetatu, sijui kimekaa humo tangu lini. Mstari wa manjano sikuuona mpaka nilipopitisha tupa mara tatu, ndipo ukajitokeza kama mshono wa kiatu. Nikasugua mbele tu, kidole gumba kila mara, nikaacha kabla sijashawishika. Nimetoa kama nusu sentimita kwa ukwato wa kushoto. Wa kulia alininyang'anya nikiwa katikati, nimeuacha umepinda, nitaumalizia Jumamosi. Mgongo wangu ndio unaohitaji daktari sasa.

Nilitaka kuwapigia picha vile vipande ila mbwa wa jirani kavila vyote, mtaniamini tu.

Tingatinga_67
Hiyo tupa umenunua shilingi ngapi?