Spektrometa au XRF ya mkononi kwa kutafuta madini adimu?

Mwamba_Songwe:
Wakuu, habari za jioni. Tuko 4, tumechanga hela tununue kifaa kimoja cha kupimia mawe ya madini adimu. Kuna spektrometa inayosoma mwanga unaoakisiwa na jiwe, na kuna XRF ya mkononi, inayopima elementi za jiwe kwa eksirei. Tunalipa Ijumaa. Tuchukue kipi?

Jiolojia_Dom:
Mkuu, ya msingi yote umeyaacha. Mwamba gani? Bajeti? Spektrometa inasoma kuanzia nanomita ngapi hadi ngapi? Hilo la mwisho usipolijua, usilipe.

Mwamba_Songwe:
Karbonatiti, mwamba uliotokana na magma yenye kaboneti nyingi, upande wa kilima cha Ngualla ila nje ya leseni ya kampuni iliyoko huko. Muuzaji anasema 400 hadi 1000.

Jiolojia_Dom:
Hapo neodimiamu, mojawapo ya madini adimu, utaiona: mabonde kwenye mchoro, pale mwanga unapofyonzwa, karibu na 580, 740, 800 na 870. Lanthanamu na seriamu hazina bonde humo hata zijae vipi, na kwenye bastnesaiti, mojawapo ya madini yanayozibeba, seriamu ndiyo nyingi kuliko zote. Unaiona neodimiamu, unakisia wenzake wapo. Kalsaiti na dolomaiti, kaboneti za mwamba huo, utazitenganisha huko 2340 na 2320, ambako kifaa chako hakifiki.

Kokoto:
Nilinunua ya namna hiyo mwaka juzi. Nikapima udongo mwekundu wa juu ya kilima, nikaona bonde kubwa karibu na 870, nikawaambia wenzangu tumepata. Wiki 3 tunachimba mashimo, vibarua tunawalipa kila Jumamosi, mwisho tukapeleka sampuli maabara. Majibu: chuma. Hematiti ina bonde lake hapohapo, kati ya 850 na 870, ila ni pana. Ya neodimiamu ni membamba na huja kwa pamoja. 740 na 800 hazikuwepo kwenye mchoro wangu, na nilikuwa nauangalia kila siku. Mwenzangu mmoja aliyeuza ng'ombe kwa ajili ya kazi ile hatusemezani hadi leo. Mdogo wangu, pakua michoro ya mwanga wa madini ya USGS, idara ya jiolojia ya Marekani, ni ya bure, ulinganishe bonde kwa bonde.

Dada_Miale:
Ndiyo maana nasema XRF. Seriamu, lanthanamu, neodimiamu, zote unazipata kwa dakika chache, na chuma unakiona ni chuma.

Jiolojia_Dom:
Inakuhesabia elementi, haikwambii zimo kwenye madini gani. Bastnesaiti na monazaiti, ambayo ni fosfeti ya madini adimu, hazichenjuliwi kwa njia moja. Tena ni kifaa cha eksirei, kinataka kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu.

Dada_Miale:
Fosforasi ikipanda pamoja na seriamu, ni monazaiti.

Jiolojia_Dom:
Apataiti nayo ina fosforasi, dada, na kwenye karbonatiti apataiti ni ya kawaida.

Mpwani_Kwale:
Mnabishania fosforasi, na monazaiti ina thoriamu, yenye mionzi! Sisi wa Mrima, huko Kwale, Kenya, tunaujua mlima wenye mionzi; wazee wanautunza kama kaya, yaani msitu mtakatifu. Kijana, mawe yenu mmeyaweka wapi?

Mwamba_Songwe:
Stoo ya nyumbani, magunia 6. Ukuta wa pili analala bibi.

Mpwani_Kwale:
Yatoeni leo hii, yakae mbali na nyumba, kisha mtafute kipima mionzi kabla ya hivyo vingine vyote. Vumbi lake msilivute.

Mwamba_Songwe:
Asante mzee, tunayahamisha sasa hivi. Hicho kipima mionzi kinapatikana Mbeya, au mpaka Dar?

Kokoto:
Na bajeti bado hujasema.