Koa kwenye saladi: siki inaua minyoo?

Swali: Koa wadogo kama punje ya mchele hujificha kwenye mikunjo ya majani. Kuloweka kwenye siki kunatosha?

Jibu 1: Usitegemee siki. Mnyoo aitwaye Angiostrongylus cantonensis hukomaa ndani ya panya. Lava, yaani minyoo wachanga, hutoka na kinyesi chake, konokono au koa hukila, na lava hukua ndani ya nyama yake hadi hatua ya tatu, ile inayoambukiza. Siki haifiki humo. Bambua jani moja moja, lisugue kwa kidole chini ya maji yanayotiririka, hasa pale shinani.

Jibu 2: Konokono wa kuliwa achemshwe dakika 3 hadi 5. Ubaridi wa friji tu hauui lava.

Jibu 3: Aliyemmeza koa, shingo ikikakamaa na kichwa kikiuma sana, amtaje koa huyo kwa daktari mapema!