Shule ya parokia yetu inafungwa Juni. Wazazi tuna la kufanya?

MamaIrene_Uru (mwanzisha mada)

Habari zenu wanajukwaa. Nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, mtanivumilia herufi zikipishana.

Tunaishi mji mdogo mashariki mwa Pennsylvania. Watoto wangu wawili, wa darasa la sita na la tatu, wanasoma shule ya parokia. Jumapili iliyopita baada ya komunyo paroko alitusomea barua ya jimbo la Kanisa: shule inafungwa Juni, na watoto "watakaribishwa kwa mikono miwili" kwenye shule nyingine ya Kikatoliki, dakika arobaini kwa gari. Watoto wamepungua, paa linataka fedha nyingi, parokia imechoka kuziba pengo. Akakunja karatasi, akatupa baraka, akatokea mlango wa sakristia. Siku nyingine zote husimama mlango mkubwa kusalimia watu.

Kinachonichoma ni hiki. Ijumaa zote za Kwaresima tumesimama jikoni kwenye ukumbi wa parokia tukikaanga samaki kuchangia shule hiyohiyo. Mimi na mama mmoja Mkongo tuliomba nafasi ya kuuza sambusa. Wazee wa Kipolandi walizitazama kwa mashaka Ijumaa ya kwanza; ya pili wakawa wanakuja na vyombo vya kubebea nyumbani. Nywele zilinuka mafuta mpaka Jumapili. Na muda wote huo kuna watu walijua.

Sasa kuna bibi mmoja aliyesoma hapo miaka ya sitini, kachapisha mabango ya njano, kila nyumba ya mtaa wetu ina moja kwenye nyasi. Wengine wanataka kuita runinga. Wengine wanasema tukae kimya tusimwudhi askofu. Kikao na watu wa jimbo ni Alhamisi jioni.

Naomba kujua: kuna aliyewahi kuona askofu akibadili uamuzi wa namna hii? Na wazazi wanaweza kuichukua shule wakaiendesha wenyewe?

---

Jirani_wa_Delco

Pole sana dadangu. Mimi ni wa Kisumu, lakini niko Upper Darby tangu kabla ya 2012, kwa hivyo haya nimeyashuhudia kwa macho.

Ndiyo, askofu amewahi kubadili. Tarehe 6 Januari 2012 Jimbo Kuu la Philadelphia lilitangaza kufunga shule 4 za upili, na kufunga au kuunganisha zaidi ya 40 za msingi. Askofu Mkuu Charles Chaput alikuwa hajamaliza hata miezi mitano tangu asimikwe. Hapa kwetu Drexel Hill zilizotajwa ni Bonner na Prendergast, zikihesabiwa kama shule moja, mjini West Catholic, kaskazini-mashariki St. Hubert ya wasichana. Na Conwell-Egan kule kaunti ya Bucks. Tarehe 24 Februari, wiki saba baadaye, alisimama tena akasema zote nne zinabaki. Baadhi ya shule za msingi nazo zilikata rufaa zikapona.

Sasa, watu husimulia habari hii kana kwamba wasichana wa St. Hubert waliimba barabarani mpaka moyo wa askofu ukalainika. Waliimba kweli, na mama zao na nyanya zao waliosoma hapo waliimba pamoja nao. Lakini kilichofungua mlango ni takriban dola milioni 12 kutoka kwa wafadhili, na watu wenye uzoefu wa kuendesha mashirika makubwa waliokubali kubeba mzigo. Wakfu uitwao Faith in the Future ukapewa usimamizi wa shule zote 17 za upili za jimbo, pamoja na 4 za watoto wenye mahitaji maalumu. Nyimbo ziliwaleta wafadhili. Wafadhili ndio waliomrudisha askofu mezani. Ukiruka hapo katikati utaimba hadi Juni na mlango utafungwa vilevile.

Kwa hivyo Alhamisi, kabla ya mtu yeyote kulia kwenye kipaza sauti, ombeni hesabu. Za miaka mitano, si karatasi moja yenye mchoro wa rangi. Pengo ni kiasi gani kila mwaka? Parokia inatoa ngapi? Hilo paa, nani alilikagua na alisema bei gani? Idadi ya watoto wanayotumia ni ya mwezi gani? Maana watu wakishasikia shule inafungwa wanahamisha watoto, halafu idadi ya baada ya tangazo ndiyo inayogeuzwa ushahidi.

Halafu pesa. Umelelewa Afrika Mashariki, unajua harambee: mwenye kipaza sauti anaahidi laki, Jumatatu simu imezimwa. Jimbo nalo linalijua hilo. Leteni ahadi zilizotiwa sahihi, zenye jina na tarehe, na wazazi waliokwisha kulipa amana ya mwaka ujao. Watoto mia moja waliolipiwa amana watasikika kuliko sahihi elfu tano za mtandaoni.

Tena ulizieni wafanyabiashara. Pennsylvania tangu 2001 ina mpango wa EITC: kampuni ikichangia mfuko wa ufadhili wa masomo inapunguziwa kodi kwa asilimia 75 ya ilichotoa, na ikijifunga kwa miaka miwili, asilimia 90. Mwenye gereji, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, wote wanaweza kuomba. Wengi hawajui, na wale wanaojua nafasi huwaishia mapema, kwa hivyo msingoje.

Nisikudanganye lakini. Novemba 2020 jimbo lilitangaza kwamba shule za upili za Hallahan na Bishop McDevitt zingefungwa Juni 2021, na usimamizi ulikuwa wa wakfu uleule. Hallahan ilianza 1901, shule ya kwanza ya upili ya jimbo kwa wasichana katika Marekani nzima. Wasichana wake walikuwa na desturi, siku ya mwisho ya shule wanaruka na sare zao ndani ya chemchemi ya Logan Circle, katikati ya mji. Wahitimu walipigana. Haikusaidia, madarasa yalikuwa yamekwisha kuwa matupu.

---

Kijana_wa_Mbezi

Samahani mama, naomba kuelewa. Shule ya serikali huko ni bure, basi la njano linakuja karibu na mlango. Hiyo ada si uiweke ujenge kwenu Uru? Mbona kujitesa?

---

MamaIrene_Uru

@Kijana_wa_Mbezi swali lako halijaniudhi, hata mume wangu huuliza kila mwezi ada ikifika.

Shule hii imebakiza sista mmoja tu, mzee sana, anatembea na fimbo. Jumanne na Alhamisi anakuja kuwafundisha kusoma watoto waliofika juzi kutoka kambi za wakimbizi, Wakongo wengi na Warundi wachache. Anakaa nao kwenye korido karibu na boila, maana ndipo penye joto. Mwanangu alipofika hapa alikuwa na kigugumizi. Sista alikuwa anamsubiri amalize sentensi, dakika nzima ikibidi, na mtoto mwingine akimmalizia anapigwa jicho. Sasa mwanangu anasoma somo la kwanza kwenye misa ya shule. Sisemi shule ya serikali wasingeweza. Nasema hawa walifanya.

@Jirani_wa_Delco asante sana kaka. Swali la tarehe ya idadi ya watoto ni la kwanza kwenye daftari langu. Vipi kuhusu kuichukua wenyewe?

---

Frateri_Mstaafu

Nilisoma seminari kuu, sikufika upadre, ila sheria za Kanisa zilinibakia kichwani.

Mnaweza kuanzisha shule yenu, sheria ya nchi haiwakatazi. Jengo ni la parokia, kwa hiyo mtakodi au mtanunua, na mwenye kauli hapo ni paroko na askofu. Jina ni mtihani mwingine: kanuni ya 803 inasema hakuna shule inayojiita Katoliki bila idhini ya mamlaka ya Kanisa, hata kama kwa kweli ni ya Kikatoliki. Mkiondoka kwa matusi mtakuwa na shule yenye sanamu ya Bikira Maria na isiyoruhusiwa kujiita Katoliki.

Kwa amani, linawezekana. Hapohapo Philadelphia kuna Independence Mission Schools, shirika lisilo la faida linaloendesha shule zaidi ya kumi za msingi zilizokuwa za parokia katika mitaa maskini. Bado ni za Kikatoliki, bodi ni yao, na watoto wengi wanaosoma humo si Wakatoliki. Wapigieni muulize waliyapangaje makubaliano na jimbo.

Kuhusu rufaa ya Kanisa: kama kuna hati rasmi ya uamuzi, kanuni ya 1734 inampa aliyeumizwa na uamuzi siku 10 tangu ajulishwe, amwombe kwa maandishi aliyeutoa aufute au aurekebishe. Akikataa, kuna siku 15 za kukata rufaa ngazi ya juu, na juu ya askofu ni Roma. Siku 10 zinapita haraka na watu wengi huzimaliza wakibandika mabango. Ulizeni leo: hati iko wapi, imetiwa sahihi na nani, tarehe gani? Roma kuwaokoa ni bahati, msiitegemee. Lakini barua iliyofika ndani ya siku huwaachia njia ya rufaa wazi.

Kuhusu kuwa walijua muda mrefu, nadhani walijua, na si tangu Kwaresima. Mwaka 1884 maaskofu wa Marekani, mkutanoni Baltimore, waliagiza kila parokia iwe na shule yake. Iliwezekana kwa sababu masista walifundisha kwa posho ndogo sana. Katikati ya miaka ya 1960 walikuwa takriban 180,000. Leo hawafiki 40,000. Walimu walei wana familia, wanataka mishahara, na hiyo ni haki yao. Wanafunzi wa shule za Kikatoliki wakati huo walikuwa zaidi ya milioni 5. Sasa ni takriban milioni 1.7. Huyo sista wako wa korido ndiye aliyekuwa bajeti ya shule nzima.

---

Mzee_wa_Kibosho

Mwanangu wa Uru, sisi ni majirani.

Sisi Tanzania tulipoteza shule za misheni bila kufungwa hata moja. Ilikuja Sheria ya Elimu ya 1969, serikali ikazitwaa, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa Mkatoliki aliyefundisha shule ya misheni ya Pugu. Mapadre walinung'unika, baba yangu alinung'unika, ila Jumatatu watoto walikaa kwenye madawati yaleyale. Ndiyo maana hamkusikia wazazi wamelala barabarani. Baada ya miaka ya tisini Kanisa likajenga nyingine, na sasa ada zake mnazijua wenyewe.

Ninyi huko dawati lenyewe linaondoka. Kwa hiyo piganeni, lakini Alhamisi msitoke kwenye kile kikao bila kujua kila mtoto atakaa wapi Septemba. Hao wa kambini hasa. Wenye magari watajipanga.

---

MamaIrene_Uru

Shikamoo mzee. Hilo la wa kambini ndilo linaloninyima usingizi. Yule mama wa sambusa hana gari, mume wake anafanya kazi kiwanda cha kuku, anatoka saa kumi alfajiri. Dakika arobaini kwake ni sawa na kuambiwa hapana.

Nimeongea na bibi wa mabango. Amekubali Alhamisi aanze mtu wa hesabu, yeye afuate. Alinuna kidogo. Barua ya siku 10 tunaiandika leo, kuna mzazi ni karani wa mahakama.

---

Jirani_wa_Delco

Kuhusu usafiri, ngoja. Usipime kwa dakika, pima kwa maili. Sheria ya Pennsylvania inasema wilaya ya shule za serikali ikiwa inasafirisha watoto wake, lazima isafirishe pia wale wa shule binafsi zisizo za faida, za kanisa zikiwemo, hadi maili 10 nje ya mpaka wa wilaya. Bila malipo. Maili zinahesabiwa kwa barabara, kutoka mpakani, si kutoka mlangoni pako. Fungua ramani ya wilaya yenu uone hiyo shule mpya iko wapi.

---

MamaIrene_Uru

Nimepima mara mbili, kwa njia kuu inatoka maili tisa na kitu kutoka mpakani. Kwa njia ya mtoni inazidi kumi. Wilaya watatumia ipi?

---

Jirani_wa_Delco

Sheria inataja njia ya karibu zaidi ya barabara ya umma, kwa hivyo shikilia hiyo ya tisa. Waandikie ofisi ya usafiri ya wilaya kesho asubuhi, uchapishe na ramani. Hata shule ikipona, barua hiyo haitakudhuru. Na kila mzazi ajaze fomu yake mwenyewe ya kuomba usafiri. Yule mama Mkongo msaidie kuijaza kabla ya Alhamisi, maana wilaya hupanga njia za mabasi kabla ya Septemba.

---

MamaIrene_Uru

Sawa kaka. Anakuja kwangu leo jioni, nitaijaza naye.